Safu ya Lugha: Tawasifu ya Muuguzi wa Wagonjwa wa Ubongo Lubumbashi

Uuguzi wa wagonjwa wa mfumo wa fahamu, yaani wale walioumia au kuugua ubongo, uti wa mgongo au neva, hutofautiana na uuguzi mwingine kwa jambo moja ambalo vitabu vya mafunzo hulitaja kwa haraka, na ambalo mwandishi wa kurasa hizi alihitaji karibu miaka kumi ya kazi kulielewa: kiungo kinachouguzwa ndicho kile kile ambacho mgonjwa angekitumia kumweleza muuguzi hali yake. Mwenye mguu uliovunjika huonyesha panapouma na mwenye homa huomba maji, lakini mtu ambaye damu inavuja ndani ya fuvu lake huenda asilalamike kabisa. Husinzia tu, na jamaa zake humshukuru Mungu kwamba amepata usingizi. Kwa hiyo kazi ya muuguzi hapo si kusikiliza malalamiko bali kulinganisha: mtu huyu alikuwaje kabla ya ugonjwa, alikuwaje saa moja iliyopita, na sasa yukoje.

Mwandishi alihitimu uuguzi wa ngazi ya A2, ambayo ni ngazi ya sekondari, mwaka 1988, na miaka mingi baadaye akaongeza ngazi ya A1 katika Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba ya Lubumbashi, inayojulikana zaidi kwa herufi zake za Kifaransa, ISTM. Kati ya vyeti hivyo viwili ulipita muongo wa 1990, ambao kila mtu wa Lubumbashi aliyekuwa na akili zake wakati huo anaukumbuka kwa namna yake. Mgodi wa shaba wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, mji ukaporwa Oktoba 1991, na Gécamines, kampuni ya shaba iliyorithi kutoka kampuni iliyoitangulia, Union Minière, desturi ya kuwatibu wafanyakazi na familia zao katika hospitali zake yenyewe, ikaanza kuishiwa nguvu, hata mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaagwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wodini athari yake ilionekana kwa sura ya pekee. Wanaume waliokuwa wamezoea kupimwa shinikizo la damu kazini na kupewa vidonge bila kufungua mfuko, sasa walikaa nyumbani katika mitaa ya Katuba, Kenya au Kamalondo pasipo kipimo wala kidonge, kisha asubuhi moja wakaletwa wamepooza upande mmoja kwa kiharusi, yaani mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au kupasuka.

Wagonjwa wengine walikuja kwa njia zinazoeleza mji wenyewe. Pikipiki za kubeba abiria, ambazo mjini huitwa manseba, zilipoongezeka, zilileta vijana waliopasuka fuvu bila kofia kichwani. Mashimo ya wachimbaji wadogo yalileta wanaume waliovunjika uti wa mgongo baada ya udongo kuwaangukia. Masika yalileta watoto wenye degedege la malaria iliyopanda ubongoni. Wenye kifafa walifika wakiwa wamechelewa miaka, wengi wakiwa na makovu ya moto wa mbabula, yaani jiko la makaa, kwa sababu anayeanguka karibu na makaa mara nyingi huachwa hapo hapo na watu wanaoamini kwamba povu la mdomoni mwake linaambukiza. Wengine kati ya hao, pamoja na wenye maradhi ya akili, walipelekwa katika Kituo cha Joseph Guislain kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo na kubeba jina la daktari Mbelgiji wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wa akili wasifungwe minyororo. Wapo pia waliozaliwa na mgongo wazi, yaani watoto ambao mfupa wa mgongo haukufunga tumboni mwa mama. Mwaka 2020 utafiti uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa katika jarida la The Lancet Planetary Health ulionyesha kwamba kasoro za kuzaliwa ziliandamana na baba kufanya kazi za madini, jambo ambalo wakunga wa mji walikuwa wakilinong'ona zamani.

Kifaa kikubwa cha muuguzi wa wodi kama hiyo ni karatasi ambayo juu yake huandikwa alama za fahamu. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo cha fahamu ambacho leo kiko karibu kila hospitali duniani, nacho kinatazama mambo matatu tu: macho yanavyofumbuka, hupewa alama 1 hadi 4, maneno yanavyotoka, alama 1 hadi 5, na viungo vinavyojongea, alama 1 hadi 6. Jumla ya juu ni 15 na ya chini ni 3, kwa kuwa hata maiti hupata moja katika kila safu, na anayebaki kwenye 8 au chini yake huhesabiwa kuwa amezama katika koma. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihitaji umeme wala mashine, fadhila isiyo ndogo katika mkoa unaochimba shaba ya kutengenezea nyaya za ulimwengu huku wauguzi wake wakichunguza mboni za macho kwa taa ya simu. Mwanga wa simu, kwa anayetaka kujua, hutawanyika mno na hufanya mboni nyeusi ndani ya jicho la kahawia isionekane vizuri. Ni lazima uletwe kutoka pembeni ya uso, wala si kutoka mbele.

Udhaifu wa kipimo uko katika safu ya pili, na mwandishi aliujua kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliolitenda, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Aliletwa mzee wa miaka sabini hivi, mstaafu wa Gécamines, amepooza mkono na mguu wa kulia. Zamu tatu mfululizo zilimwandikia alama 4 za macho, 2 za maneno, yaani sauti zisizoeleweka, na 5 za viungo, kwa sababu alipoambiwa kwa Kifaransa na kisha kwa Kiswahili ainue mkono hakuinua, ingawa alipobanwa ukucha aliusogeza mkono wa kushoto kuuondoa ule uliombana. Jumla ilikuwa 11, na jamaa waliambiwa wajiandae. Asubuhi ya siku ya pili mama aliyekuwa akipiga deki chini ya kitanda alisimama, akaegemea fimbo ya deki, akasikiliza, kisha akasema, “Munganga, huyu baba anasema amelalia mkono wake, unamuuma, mumugeuze.” Mzee alikuwa anasema Kibemba. Ulimi ulikuwa mzito, nusu ya mdomo haikufunga, lakini kilikuwa Kibemba chenye sentensi kamili, na alikuwa amekisema usiku kucha.

Alipogeuzwa, mkono wa kulia ulionekana umekunjwa chini ya ubavu, vidole vimevimba na mikunjo ya shuka imechapwa katika ngozi. Mama yule aliombwa amuulize maswali ya kipimo. Mzee alijua jina lake, alijua yuko hospitalini, akakosea mwaka. Akaambiwa ainue mkono, akainua wa kushoto mara moja. Alama zilipanda kutoka 11 hadi 14 katika muda wa dakika chache, na ndani ya ubongo wake hakuna kilichokuwa kimebadilika.

Watoto wake, waliozaliwa mjini na kulelewa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, walistaajabu kuliko wauguzi, maana hawakuwahi kumsikia akisema Kibemba nyumbani zaidi ya salamu. Maelezo ya kitaalamu yapo. Kupoteza au kuvurugika kwa lugha kutokana na ubongo kuumia huitwa afazia, na tangu mwaka 1861, Paul Broca alipochunguza ubongo wa mgonjwa wa Paris aliyebakiwa na silabi moja tu, ilianza kujulikana kwamba kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto, ule ule unaotawala mkono wa kulia. Kuhusu wenye lugha nyingi, Wafaransa wawili wa mwisho wa karne ya 19 walitofautiana: Théodule Ribot alishikilia kwamba lugha iliyojifunzwa kwanza ndiyo hudumu, Albert Pitres akadai mwaka 1895 kwamba hurudi kwanza ile iliyozoewa zaidi kabla ya ugonjwa. Mzee huyu, aliyezaliwa upande wa Kasenga kando ya mto Luapula na kuishi kwa Kiswahili tangu alipoandikwa kazi akiwa kijana, angempa ushindi Ribot. Lakini mwandishi amewaona wengine kadhaa waliompa ushindi Pitres, na hathubutu kuamua. Alichoamua ni kitu kidogo zaidi. Katika karatasi ya uangalizi, kando ya safu ya maneno, alichora kwa rula safu nyembamba yenye kichwa “Lugha”, ambamo muuguzi angeandika mgonjwa ameulizwa kwa lugha gani na nani amefasiri. Katika mji uliojengwa na watu walioletwa migodini kutoka kila upande, Wabemba, Waluba, Wasanga, Walunda na wengineo, alama ya 2 isiyoonyesha lugha ya swali haina maana.

Kazi nyingine za wodi hiyo ni za mikono, nazo huchosha zaidi kuliko zinavyoelezeka. Mgonjwa asiyejigeuza hupata vidonda vya mgandamizo, yaani nyama inayooza kwa kubanwa kati ya mfupa na godoro, na dawa yake ya kweli ni ile ambayo Ludwig Guttmann aliifanya sheria alipofungua kitengo cha waliovunjika uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944: kumgeuza kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Kwa aliyevunjika mgongo kunahitajika watu 4 wanaomzungusha kwa pamoja kama gogo, mmoja akishika kichwa na kuhesabu, wakati zamu ya usiku ilikuwa na muuguzi mmoja au wawili. Waliobaki walikuwa jamaa waliolala sakafuni kando ya vitanda, shemeji, yaya (yaani kaka au dada mkubwa) na binamu, ambao mwandishi aliwafundisha kuhesabu na kushika kwa namna moja, hata baadhi yao wakawa hodari kuliko wanafunzi wa mazoezi. Kwa muda pia aliamini glavu zilizojazwa maji na kuwekwa chini ya visigino, ambazo alizirithi kwa waliomtangulia. Aliziacha alipoona kwamba kisigino hubaki kimebanwa vile vile, na kwamba shuka iliyokunjwa chini ya shavu la mguu, ikaacha kisigino kining'inie hewani, hufanya kazi nzuri zaidi.

Kuinua kichwa cha mgonjwa nyuzi 30 ili damu ishuke vizuri kutoka ubongoni ni agizo rahisi kwa mwenye kitanda chenye mtambo mzima. Palipokuwa na vitanda vilivyoharibika, wengi waliweka matofali ya udongo wa kichuguu chini ya miguu ya upande wa kichwa, wakaridhika, ingawa hesabu ya kawaida inaonyesha kwamba matofali mawili moja juu ya jingine hayafikishi hata robo ya pembe hiyo. Kiti cha mbao kilichopinduliwa chini ya godoro, mgongo wa kiti ukielekea juu, hufikisha.

Tatizo jingine lilikuwa la manitoli. Manitoli ni dawa ya jamii ya sukari, ya asilimia 20, inayomiminwa mshipani ili kuvuta maji kutoka katika ubongo uliovimba, na ikipata baridi huganda chembe chembe kama chumvi ndani ya chupa. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi yake huwashangaza wageni wanaodhani Kongo yote ni Kinshasa. Chupa iliyoletwa mbio na jamaa kutoka duka la dawa usiku wa manane ilikuwa na chembe zilizoganda kama theluji chini yake. Kuimimina hivyo ni kuziba mpira au kuingiza chembe mshipani, kwa hiyo mwandishi aliipeleka uani, kwenye mbabula ambapo familia zilipikia bukari, yaani ugali, akaomba sufuria ya maji, akaizungusha chupa humo polepole huku akiinua mara kwa mara na kuitazama mbele ya makaa mpaka chembe ya mwisho ikayeyuka, kisha akaisubiri ipoe hadi joto la mwili. Kusubiri huko, huku mboni moja ya mgonjwa ikiwa imeshaanza kupanuka kuliko ile nyingine, ndizo dakika ndefu kuliko zote alizozijua katika kazi.

Bukari yenyewe ilikuwa chanzo cha ugomvi wa kudumu. Kwa mtu wa Lubumbashi asiyekula bukari hajala, na mama anayemwona mwanawe akinyweshwa uji kwa mpira wa puani humwona ananyimwa chakula. Mgonjwa wa kiharusi, hata hivyo, huweza kumeza kuelekea mapafuni bila kukohoa, kwa sababu neva za koo nazo zimelala, na kijiko kimoja alichopewa kwa mapenzi huleta nimonia inayomuua baada ya wiki. Mwandishi alijifunza kutokataza kwa maneno matupu. Alimketisha mgonjwa wima, akampa kijiko cha chai cha maji mbele ya mama, akamwambia mama aweke vidole kooni asikie kama koromeo linapanda, kisha wakasikiliza pamoja sauti ya mgonjwa baada ya kumeza. Mama aliyesikia sauti ya maji ndani ya koo la mwanawe hakuleta bukari siku hiyo.

Mzee wa Kasenga alimeza vizuri baada ya siku 9 na akarudi nyumbani baada ya wiki 5, akiburuta mguu. Alikuja kuonwa miezi kadhaa baadaye pamoja na binti yake, na katika safu ya lugha mwandishi aliandika maneno mawili, Kibemba na Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimerudi, pungufu, majina ya vitu yakikosekana. Kifaransa hakikurudi. Lakini alipoulizwa nambari yake ya kazi, ile ambayo kila mfanyakazi wa Gécamines aliitwa kwayo siku ya mshahara, mzee alinyoosha mgongo kitini na kuitaja kwa Kifaransa, tarakimu zote, bila kusita.