Kusoma faili nyingi ni rahisi, kazi iko kwa kujumlisha

Wasee, mnakumbuka Agosti 2022? Tulipiga kura Jumanne tarehe 9, na muda si muda Fomu 34A zikaanza kumiminika kwenye tovuti ya IEBC, kila mtu ajionee. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229 na kila kituo kilikuwa na fomu yake. Stesheni za TV zikaweka watu wazijumlishe. Basi ukiangalia stesheni hii, Ruto anaongoza. Ukibadilisha, Raila ndiye yuko mbele. Mtaani kwetu watu walikuwa washaanza kuambiana kuna mtu amelipwa.

Mimi naona presha kubwa ya zile siku ilikuwa shida ya hesabu kuliko shida ya siasa. Rundo ni moja, lakini kila mtu ameanza kulisoma mahali pake. Tuseme wewe umeanza na Kiambu, mimi nimeanza na Kisumu. Tukisimama katikati, majibu yetu lazima yapishane, na hakuna aliyeiba. Tukimaliza rundo lote, tunafaa kukutana kwa nambari moja, kwa sababu tano na tatu ni sawa na tatu na tano.

Sasa 2027 inakuja, na najua kuna msee yuko hosteli saa hii anawaza kuunda programu yake ya kujumlisha. Hii ni yako.

Ya kwanza, usisome faili moja moja. Sehemu kubwa ya muda kompyuta haifanyi kazi, inangoja tu: inangoja mtandao, inangoja diski. Ni kama jikoni. Maji ya ugali yakiwa kwa moto husimami kuyaangalia, unakata sukuma. Thredi ndizo hufanya hivyo. Kwa Python ya kawaida thredi moja tu ndiyo huendesha kodi kwa wakati mmoja, kwa hivyo usitarajie miujiza kwa hesabu nzito, lakini kwa kungoja zinasaidia sana. Halafu kumbuka fomu zenyewe ni picha za karatasi zilizojazwa kwa mkono. Ukitaka mashine itambue zile tarakimu, hiyo sasa ni kazi nzito kweli, na hapo unagawanya kwa prosesi kadhaa badala ya thredi.

Ati ufungue zote 46,229 kwa mpigo? Buda, Linux nyingi huipa programu moja nafasi ya faili 1,024 hivi zilizo wazi kwa wakati mmoja, ikipita hapo inakukatalia. Weka wafanyakazi 16 au 20, kila mmoja akimaliza faili anafunga, anachukua ingine.

Hapo hata mtoto atafika. Kazi iko kwa kujumlisha.

Chukulia chama. Daftari linasema 10,000. Wanjiru amepokea 500, Otieno amepokea 700, na wote wawili wamechungulia daftari wakati mmoja. Wanjiru anaandika 10,500. Otieno, ambaye alisoma 10,000 kabla Wanjiru hajaandika, anafuta na kuandika 10,700. Ile 500 imeenda wapi? Hakuna mtu ameikula. Imepotea katikati ya kusoma na kuandika. Thredi mbili zikigusa jumla moja hufanya hivyo hivyo, na ubaya ni kwamba programu haitalalamika. Itakupa nambari safi kabisa, na ni ya uongo.

Wengine watakuambia weka kufuli kwa daftari. Sawa, inafanya kazi, lakini mimi napenda kila mfanyakazi awe na karatasi yake. Anasoma faili zake, anarudisha matokeo, na mtu mmoja pekee ndiye anaandika kwa daftari kubwa. Hakuna kugombania kalamu.

Na yule mmoja asijumlishe tu kama mashine ya duka. Aweke kila tokeo chini ya namba ya kituo. Mtandao wa kwetu mnaujua: faili inakwama, programu inajaribu tena, mara fomu moja imefika mara mbili. Ukiwa unaongeza tu, umehesabu wapiga kura mara mbili. Ukiwa umeweka kwa namba ya kituo, ya pili inakaa pale pale pa ya kwanza, hakuna kilichoharibika.

Lakini kitu hunikasirisha kabisa ni hii: faili imegoma kufunguka, na mwenye programu ameandika kodi inayosema basi ihesabu sifuri, iendelee. Sifuri! Kituo kimoja kinaweza kuwa na wapiga kura hadi 700. Tofauti ya Ruto na Raila katika matokeo yaliyotangazwa ilikuwa kura 233,211. Gawanya kwa vituo 46,229 uone: ni kama kura tano kwa kila kituo. Kwa mbio za karibu hivyo huwezi kufanya kituo kizima kiwe sifuri kimya kimya halafu uweke jumla kwa skrini na rangi nzuri. Fomu iliyogoma iandikwe kwa orodha yake. Na pale juu, kabla ya jina la mtu yeyote, skrini iseme fomu ngapi zimesomwa kati ya 46,229, ngapi zimegoma, na zimetoka kaunti gani. Stesheni yoyote isiyoonyesha hayo, mimi naizima.

Msee akiniletea programu yake ya kujumlisha, siangalii kwanza iko na spidi gani. Nachanganya mpangilio wa faili, naiendesha, nachanganya tena, naiendesha tena, hadi mara kumi. Nikipata jumla mbili tofauti, namrudishia laptopu yake.