Silfra: Mahali pa kupiga mbizi bila kulowa

Ikiwa umezoea bahari ya Watamu au Diani, ambako mtu hujitosa majini na kaptura tu na kutoka atakapo, basi Silfra itakustaajabisha. Huu ni ufa uliojaa maji katika mbuga ya taifa ya Thingvellir nchini Iceland, mwendo wa karibu saa moja kwa gari kutoka Reykjavík. Ni kama ndugu wa Bonde la Ufa letu, kwani hapo pia ardhi inaachana, kiasi cha sentimita 2 kila mwaka: Amerika Kaskazini upande huu, Ulaya na Asia upande ule.

Maji yake hutoka kwenye barafu ya Langjökull na kuchujwa na mawe ya volkano kwa miaka mingi, ndiposa waweza kuona umbali wa mita 100. Lakini ni baridi ajabu! Kiangazi au kipupwe, ni nyuzi 2 hadi 4 tu, na maji hunyang'anya mwili joto upesi mara 25 hivi kuliko hewa. Ile suti ya mpira ivaliwayo na wapiga mbizi wa pwani yetu huingiza maji kidogo, kwa hivyo haifai huko. Huko huvaliwa vazi kavu, lisiloingiza maji kabisa isipokuwa kichwani na mikononi.

Wengi hudhani vazi hilo ndilo linalotia joto. La hasha. Aina moja ni ya mpira wenye vipovu, ambayo husaidia kidogo ingawa ni nzito na hukawia kukauka. Nyingine ni ya kitambaa chembamba, nyepesi, lakini ni sawa na koti la mvua tu. Joto lote latokana na nguo za ndani na hewa iliyomo. Vaa sufu, kisha ovaroli nene juu yake. Pamba iache hotelini, maana ikishika jasho itakugandisha.

Unapochagua, lijaribu ukiwa umevaa nguo hizo zote. Chuchumaa, inua mikono, hakikisha unafikia vali ya begani. La muhimu zaidi ni ule mpira wa shingoni. Ukilegea, maji yataingia. Ukibana mno, damu haitafika kichwani vyema na unaweza kuzirai. Vua saa na pete, na uchunge nywele: hata unywele mmoja ukipita chini ya mpira huo, maji hufuata. (Akina dada wenye nywele za kusuka, zikusanyeni zote ndani ya kofia.) Zipu ikiwa mgongoni, mwache mwenzako aifunge.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Ukishuka, maji hulikandamiza vazi hadi likufinye, nawe hubonyeza kitufe kifuani ili hewa ya mtungi iingie. Ukipanda, hewa hiyo hutanuka, na sharti uitoe kupitia vali ya begani. Miguu ikiinuka kupita kichwa, hewa yote hukimbilia huko, vali haiitoi tena, na utapandishwa juu miguu mbele kama boya. Mapafu yaweza kupasuka. Dawa yake ni kukunja magoti, kubiringika na kurudi wima upesi, jambo linalofunzwa kwanza katika kidimbwi cha kuogelea. Ndiyo sababu Silfra hukubaliwi na mtungi bila cheti au uzoefu wa vazi hilo, na hata wajuzi hawaruhusiwi kupita mita 18.

Usife moyo, mwanafunzi usiye na cheti. Wanaoelea juu kwa mrija wa kupumulia huvishwa vazi hilohilo na waongozaji, nao huyaona yote. Midomo yaweza kufa ganzi. Ukishikwa na kiu, ondoa mrija unywe. Maji hayo ni safi.