Nilimkaripia Mtoto Aliyesema Kweli

Mshubiri wa sebuleni kwetu ulikaribia kufa mwezi wa Julai, na aliyekuwa akiuua ni mimi. Watu wa nyumbani niliwaambia ni baridi. Mpwa wangu wa gredi ya tano, anayekaa nasi hapa Nyeri mjini, nilimwambia ni uzembe wake. Yote mawili hayakuwa kweli.

Mmea huo nilipewa na mama, ambaye sote humwita Cucu, kutoka uani kwake Nanyuki. Kwake mishubiri husimama juani kando ya ua, kwenye changarawe, na hakuna anayeshughulika kuimwagilia. Mimi niliupanda kwenye ndoo ya rangi isiyo na tundu hata moja, nikaijaza udongo mwekundu wa shambani, ule unaoshika maji, nikauweka kando ya televisheni, mbali na dirisha. Kazi ya maji nikampa mtoto.

Majani yalipolegea, nikaona ni kiu. Mtoto alichomeka kidole ndooni akaniambia, "Anko, mchanga bado iko na maji." Nilimkaripia mbele ya rafiki zake kwamba anakwepa kazi, nikachukua jagi nikamimina mwenyewe. Kesho yake nikamimina tena.

Cucu alipopiga simu kuulizia mmea wake, nikamjibu kwamba baridi ya Nyeri imeuzidi. Lakini Nanyuki iko juu zaidi, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Nyeri ni kama 1,750. Ingekuwa ni baridi tu, mishubiri ya Cucu ingekwisha zamani. Huko Nanyuki kuna jua na ukavu. Huku kwetu, Juni hadi Agosti, wingu laweza kufunika mji kutwa nzima. Mshubiri uliokosa mwanga hunywa kidogo mno, na akiba yake ya maji imo majanini. Ukizidi kuutilia, hewa inakwisha udongoni na mizizi inaoza. Mizizi ikioza, jani hulegea vilevile kama la mmea wenye kiu. Hapo ndipo nilipodanganyika, ingawa kidole cha mtoto kilikuwa kimeshanipa jibu.

Nilipoung'oa hatimaye, mizizi ilikuwa ya kahawia, ikichunika vidoleni na kunuka tope bovu. Karibu na shina ilibaki michache myeupe, migumu. Nilikata iliyooza kwa kisu safi, nikaondoa majani yaliyolainika, nikaulaza mmea juu ya gazeti siku chache hadi vidonda vikakauka. Tukaupanda kwenye chungu chenye tundu, nusu udongo, nusu mchanga mnene wa ujenzi, tukauacha bila maji kwa wiki moja hivi. Sasa uko kwenye dirisha linalotazama mashariki, maana kuutoa gizani moja kwa moja hadi kwenye jua la saa sita kungeyababua majani. Katikati limechomoza jani jipya, gumu. Anayeamua siku ya maji ni mpwa wangu.

Nilimwomba msamaha mbele ya rafiki zake wale wale. Aliitikia kwa kichwa tu, na hata leo akishagusa udongo hunitazama usoni kwanza kabla ya kusema neno. Hilo linaniuma kuliko habari ya mmea. Cucu naye bado anaamini ni baridi. Nitamweleza mwenyewe nikienda Nanyuki Desemba.