Robo ya Tangi

Injini yenye hitilafu ndogo haikuonyeshi hitilafu yake ikiwa imetulia. Ukiiwasha asubuhi inaitika mara moja, ukiiacha kivulini inanguruma sawasawa, na fundi akiinua boneti na kutega sikio atakuambia gari lako ni zima. Ubovu hutoka pale unapoidai. Unakanyaga mafuta uingie Barabara ya Madina, nyuma yako lori linakuja na dereva wake hana nia ya kukungoja, na gari badala ya kuchanganya linasita, linashtuka, linakata mara mbili tatu, kisha linafyatuka ghafla utadhani halikuwa na neno. Niliishi na gari la namna hiyo mtaani Nuzha, Jeddah, na hadi leo nikiwa peke yangu hujikuta nalirudia akilini. Halikuwa fumbo kubwa kwa mafundi wa kweli. Kwangu mimi lilikuwa, na sina hakika kwamba nimelifumbua lote.

Nuzha yetu iko kaskazini mwa mji, jirani na Uwanja wa Ndege wa Mfalme Abdulaziz. Mimi ni dereva wa nyumbani, mmoja wa wengi waliotoka Kenya na Uganda kuja kushika usukani wa familia za watu. Asubuhi watoto shule, adhuhuri kuwarudisha, jioni Mama wa nyumba dukani au kwa dada zake, na msimu wa wageni safari za uwanja wa ndege zisizo na saa. Gari ni lile kubwa la familia, la silinda sita, tangi lake linachukua zaidi ya lita 80. Nalitaja tangi mapema kwa sababu wakati ule sikulifikiria hata kidogo.

Nilikuja na elimu yangu ya Mombasa, na elimu hiyo ilikuwa ya kabureta. Kwenye Peugeot 504 za zamani, gari likisita unapokanyaga, fundi wetu wa Majengo hakuwa na maswali mengi. Ukikanyaga ghafla, hewa hukimbilia ndani ya injini upesi kuliko petroli, maana petroli ni nzito na huchelewa. Kwa hiyo kabureta ina kijipampu chake kidogo cha kurusha tone la ziada ili kuziba ule upungufu wa nukta moja. Mpira wa kijipampu ukipasuka, gari linasita. Alikuwa akifungua, anabadilisha mpira, anapuliza vijitundu, basi. Nilidhani nimejifunza jambo kuhusu magari. Kumbe nilikuwa nimejifunza kuhusu kabureta, na kabureta hizo nilikuwa nimeziacha ng'ambo ya bahari.

Injini za siku hizi zinakusudia jambo lile lile kwa njia nyingine. Kila gramu moja ya petroli inataka gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na kompyuta ndiyo inayopima na kugawa. Hewa inapoingia inapita kwenye sensa yenye waya mwembamba uliopashwa moto kwa umeme. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo inavyoupoza waya, na kompyuta hujua kiasi cha hewa kwa umeme inaolazimika kuuongeza ili waya ubaki na joto lake. Baada ya hapo nozeli zinafunguliwa kwa muda unaostahili, koili zinapiga cheche, plagi zinawasha. Petroli yenyewe inasukumwa na pampu iliyozama ndani ya tangi. Sehemu yoyote kati ya hizo ikidhoofu kidogo, injini haifi, inasita tu. Plagi iliyochakaa huwasha bila shida gari likiwa halina kazi, lakini ukikanyaga, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka, na hapo ndipo inapokosa. Ndiyo maana gari linalosita ni gari la maneno mengi: kila unayemuuliza ana jibu, na kila jibu lina sababu yake ya haki.

Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi. Ya pili ilibadilisha koili mbili. Zote ziko huko Sinaiya, kwenye vichochoro vya karakana ambako unapita katikati ya Wayemeni, Wapakistani na Wasudani, na kila mlango una utaalamu wake: huyu gia, huyu umeme, huyu radieta. Mafundi walizungumza na Baba wa nyumba kwa simu, wakakubaliana bei, nami nikasimama pembeni na ufunguo mkononi. Hakuna aliyeniuliza lolote, nami sikujitokeza kusema. Kiarabu changu kilikuwa cha sokoni, kweli, lakini si hilo peke yake. Nilikuwa nahofia kwamba nikieleza sana nitaonekana mimi ndiye niliyeliharibu.

Kisha taa ya injini ikawaka. Nilifurahi, nikidhani sasa gari litajisema lenyewe. Mashine ya kupimia ilipochomekwa ikatoa P0171, na fundi akanieleza maana yake: mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi petroli. Lakini namba ile ni shahidi, si mshitakiwa. Inakuambia tu kilichoonekana kwenye moshi. Haikuambii kama kuna bomba limepasuka na hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kupimwa, au sensa imechafuka na inapunja hesabu, au petroli yenyewe haifiki. Wengi wetu tunaisoma kama hukumu, tunanunua kipuri kinachofanana nayo, na tunashangaa gari halikupona.

Nina rafiki wa Tanga anayefanya kazi kama yangu huko Riyadh, na kwa ajabu ya majina naye anakaa Nuzha, Nuzha ya Riyadh, kaskazini mwa mji ule. Nilimpelekea ujumbe wa sauti, akanijibu usiku ule ule. "Kaka, hilo lako ndilo lilikuwa langu. Vumbi tu hilo. Safisha sensa ya hewa, utaniambia." Nilimwamini kabisa, maana alieleza dalili zangu kuliko nilivyoweza kuzieleza mimi. Riyadh iko katikati ya jangwa, mita kama 600 juu ya bahari, hewa yake kavu, na dhoruba ya vumbi ikija unaiona inavyofunga mtaa mzima. Vumbi laini likipenya kwenye filta iliyokaa vibaya, linagandia kwenye ule waya wa moto, na waya uliovikwa vumbi haupozwi sawasawa, hivyo unaihesabu hewa pungufu, hasa inapoingia nyingi. Yote aliyosema yalikuwa kweli kwa gari lake.

Nilinunua dawa ya kupuliza, nikaisafisha sensa yangu Ijumaa, na alasiri gari likaruka vizuri njia nzima. Nikampigia simu kumshukuru. Jumapili adhuhuri, kurudi shule, likasita tena mbele ya lango, watoto nyuma wakacheka. Kilichonitatiza zaidi ni ile Ijumaa nzuri. Kushindwa moja kwa moja kungeniacha niendelee kutafuta. Kufaulu kwa nusu siku kulinifanya niitetee sensa kwa muda mrefu, nikitafuta visingizio vya kwa nini ilikuwa imepona na sasa imeugua tena.

Wengine nao walitoa ushauri. Mmoja akasema niache petroli ya 91 nijaze 95, ndiyo yenye nguvu. Hapo niseme jambo la kuchekesha kidogo, ingawa halikunichekesha wakati ule. Mama alikuwa akinipa riyali 50 za petroli kila mara, si zaidi, na bei zilipowekewa kikomo Julai 2021 zilikuwa riyali 2.18 kwa lita ya 91 na 2.33 kwa 95. Hamsini zangu zilikuwa zikinipa karibu lita 23. Kwa 95 zikapungua kwa zaidi ya lita moja. Gari likazidi kusita, na mimi nikazidi kuchanganyikiwa.

Binti mkubwa wa nyumba ndiye aliyenitia shaka juu ya nafsi yangu. Wanawake waliruhusiwa kuendesha nchini humu tarehe 24 Juni 2018, naye ana leseni yake, na jioni nyingine hulichukua gari kwenda kwa marafiki. Akirudi anasema halina tatizo lolote, linakwenda vizuri sana. Hakuwa akisema uongo, wala hakuwa na ubaya nami. Lakini nyumbani neno lake lilikuwa na uzito ambao langu halikuwa nao, na polepole nikaanza kuutazama mguu wangu mwenyewe. Pengine nakanyaga vibaya. Pengine ni mazoea ya matatu za Mombasa. Nilianza kukanyaga kwa upole mno, na kwa kukanyaga hivyo nikawa naificha ile dalili ambayo ingenitetea.

Tulipokwenda Taif likizo, kwenye mlima wa Hada, gari likasita Baba akiwa kiti cha mbele. Barabara ile inapanda kwa kona kali hadi karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hakuna namna ya kuipanda kwa upole. Alinigeukia, hakusema kitu. Tuliporudi Jeddah akaniambia nitafute fundi mimi mwenyewe, nimweleze mwenyewe. Sijui kama alijua ni kitu kikubwa kiasi gani alichonipa.

Fundi niliyempata alikuwa Msudani mtu mzima, nami nikimwita Ammi. Hakuinua boneti. Alinipa chai, akaanza kuuliza. Linasita asubuhi au adhuhuri? Adhuhuri, zaidi. Likiwa limepoa au limeshatembea? Limeshatembea. Kwenye tambarare ukikaza mwendo mmoja? Halisiti. Na tangi, huwa na petroli kiasi gani? Nikamwambia kuhusu riyali 50, kwamba mshale kwa kawaida hucheza chini ya robo. Na binti anapolichukua? Hapo nikanyamaza kidogo, maana nilikuwa nimekiona kitu kile mara nyingi bila kukiona: binti ana kadi yake ya benki, hupenda kujaza tangi lote, na huendesha usiku. Ile Ijumaa ya sensa nayo, nilipokumbuka vizuri, ilikuwa siku moja baada ya yeye kujaza.

Ammi akafunga geji kwenye njia ya mafuta. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, presha ilikuwa sawa. Akanituma nikanyage kwa ghafla, na mshale wa geji ukaanguka, ukabaki chini, ukarudi kwa kusuasua. Pampu ilikuwa imechoka. Ilitosha kwa safari ya kawaida, haikutosha kwa dharura. Akanieleza kwamba pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli ile ile inayoisukuma. Tangi likikaa karibu tupu, mota yake inabaki na joto lake, na hapa kwetu joto si la mchezo, Juni 2010 Jeddah ilifika nyuzi 52. Pampu iliyochoka ikipata joto inachoka zaidi.

Ningependa kuishia hapo, jibu likiwa limekaa vizuri na kila kipande mahali pake. Lakini nimeligeuza jambo hili mara nyingi na halikai vizuri hivyo. Siku ya Hada tangi lilikuwa limezidi nusu. Pampu ilikuwa na umri wa gari lenyewe, na pampu za umri ule hufa hata kwa matajiri wanaojaza kila siku. Nilipomwuliza Ammi kama ni zile hamsini hamsini zilizoiua, alitikisa mabega akasema huenda ziliisaidia kufa. Nami nilikuwa nimeshaanza kujenga hadithi ya dereva aliyeonewa, hadithi tamu ambayo ndani yake sina kosa. Nimejifunza kuitilia shaka, kama nilivyopaswa kuitilia shaka ile Ijumaa.

Ninachoweza kusema bila kusita ni kuhusu yale maswali. Ammi hakuwazidi vifaa wale wa kwanza. Mashine yake ya kupimia ilikuwa ya zamani kuliko zao. Alitaka tu kujua lini, na wakati huo kukiwa na nini, na anayeyajua hayo ni mtu anayekaa kwenye kile kiti kila siku. Rafiki yangu wa Riyadh alinipa jawabu lake zima kwa moyo safi, nami nikalivaa bila kupima. Nikikutana na madereva wageni hapa Nuzha, wakiniuliza gari likisita lina nini, huwa nawarudishia maswali ya Ammi, na baadhi yao wanaona nawaficha dawa.

Pampu mpya ilifungwa, plagi na koili zile zingalimo na zinafanya kazi. Nilimweleza Mama habari ya tangi, kwa Kiarabu changu hicho hicho, nikionyesha kwa mikono. Sasa hunipa riyali 100. Ni karibu lita 46, zaidi kidogo ya nusu tangi.