Kutoka Msata hadi Misheni: nani alipanda miembe ile?

Msomaji wangu, aibu yangu naisema mwenyewe. Mimi mtoto wa Msata nimefikia umri huu bila kukanyaga Misheni ya Bagamoyo! Kilomita 64 tu, tena lami tupu. Zamani tulisingizia vumbi na matope, siku hizi tusingizie nini?

Kilichoniamsha ni binamu yangu aliyeko Uingereza. Alituma picha yuko Harewood House, jumba la mabwanyenye kule Yorkshire, bustani mpaka macho yanachoka. Kumbe lilianza kujengwa 1759 na ukoo wa Lascelles, kwa pesa za sukari na watumwa wa visiwa vya Karibiani. Leo watu wanalipa kiingilio kwenda kutazama maua!

Nikamwambia shangazi, "Hata sisi tunalo jumba letu na bustani yake. Twende." Jumamosi tukabanana kwenye Kosta, na pale stendi ya Bagamoyo tukachukua bodaboda mbili, maana shangazi mshikaki hapandi.

Jamani, ile njia ya miembe! Minene, imejipanga huku na huku kama askari wa gwaride, na chini baridi utadhani si pwani. Mbele yake nyumba ya mapadre, nyeupe, ya ghorofa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo 1868, kimbunga cha 1872 kikawabomolea, wakajenga upya. Upo na mnara wa kanisa la zamani ulikowekwa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya akina Chuma na Susi kuubeba miezi kibao kutoka Zambia ya leo. Mbuyu wenye mnyororo nao nikaupiga picha. Wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa, lakini inasimuliwa kuwa Mama Chevalier, Mfaransa, alikuwa akifungia punda wake.

Shangazi hayo hayakumshughulisha. Alikaa chini ya mwembe, akavua ndala, akauliza, "Haya yote aliyalima nani?"

Nikamweleza: watoto waliokombolewa utumwani. Mapadre waliwanunua, wakawalea, wakawafundisha kusoma na ufundi, na shambani wakafanya kazi. Wakikua wanaoana, wanapewa makazi kijijini hapo hapo.

"Yaani wananunuliwa wawe huru, halafu wanakabidhiwa jembe?"

"Shangazi, na shule walipewa."

"Nimesikia. Na ukichoka kulima, unaruhusiwa kwenda kwenu?"

Hapo nikakwama. Wengine kwao walikuwa hawakujui tena, walichukuliwa wadogo mno. Nikamwambia hivyo, akanyamaza kitambo, akainama kuokota embe lililoanguka, akalifunga kwenye pindo la kanga.

Embe tulikula njiani, tamu kweli. Kokwa kaifukia nyuma ya jiko lake hapa Msata, na kila asubuhi anaimwagia maji aliyooshea vyombo.