Majengo, Sumbawanga: Mahali Ambapo Sebule ni Jikoni

Kama unadhani Tanzania nzima ni joto, panda Sumbawanga mwezi wa sita au wa saba. Mji uko juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi pale Majengo utakutana na masweta na makoti mazito. Sebuleni kuna makochi na vitambaa vyake, lakini watoto wako wapi? Wako jikoni, wameuzunguka moto.

Sasa vijana wanaojenga wanakuja na ramani ya Dar: jiko limeungana na sebule, kaunta ndefu, madirisha makubwa, gesi tu. Kwenye picha linapendeza, sikatai. Ila ramani ile haijui habari za maharage makavu, wala magunia ya mahindi yanayoingia baada ya mavuno, wala ugali wa ulezi wa watu wanane, akiwemo shangazi ambaye hajasema anaondoka lini. Chemsha maharage masaa matatu kwenye gesi kila siku ya pili, uone kama mtungi utafika mwisho wa mwezi! Basi mkaa unarudi kimyakimya. Na kwa kuwa haukutengewa mahali, jiko linawashwa ndani, madirisha yamefungwa sababu ya baridi. Hapo hatuongelei urembo tena. Gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Inaweza kuua familia nzima ikiwa usingizini.

Kwa maoni yangu, nyumba ya Majengo inataka jiko la ndani na jiko la nje, yapakane. La ndani liwe dogo: gesi, sinki, kabati za saruji zenye milango ya mbao. Linatosha kwa chai ya saa kumi na mbili, kabla wote wawili hamjakimbilia kazini. La nje liwe chini ya paa lile lile, maana mvua ya huku inaanza Novemba mpaka Aprili na hutaki kukimbia na sufuria kichwani. Ukuta wa matofali ya kuchoma, upande mmoja uwe wazi, dohani, kona ya mkaa, na benchi. Stoo ya nafaka iwe kavu, magunia yakae juu ya mbao.

Fundi akikwambia dohani ni mambo ya wazungu, mkumbushe wazee wake. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo ndefu kama mita 3, bila mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, moto ukaivuta juu. Dohani yako inafanya kazi hivyo hivyo: matundu chini, njia ndefu juu.

Benchi msilikate kwenye bajeti. Baba akirudi jioni na baridi ile, atakuja kukaa pale mwenyewe, bila kuitwa. Akishakaa, mpe vitunguu amenye.