Tulipokuwa Tukimsoma Ng'weno Tuwan

Zamani hapa mtaani Tuwan, nakala moja ya jarida la Weekly Review ilisomwa na nyumba nyingi. Mwalimu jirani yetu aliinunua mjini Kitale, akaimaliza usiku kwa taa ya chemni, kesho yake ikaenda kwa fundi cherehani, kisha kwa kinyozi. Kufikia Jumapili jalada lilikuwa limeshang'oka. Lakini ilikuwa lazima irudi. Mwalimu alizipanga zote katika makatoni chini ya kitanda, mwaka baada ya mwaka, na ukitaka kuazima ya zamani alikuuliza kwanza unatafuta nini humo.

Hilary Ng'weno, mwenye jarida hilo, hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa Nairobi mwaka 1938, akasoma fizikia Harvard, akarudi na kuwa Mwafrika wa kwanza kushika kiti cha mhariri mkuu wa Daily Nation. Kiti hicho hakukikalia sana. Mwaka 1973 yeye na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la ucheshi, Joe, na Februari 1975 ikatoka Weekly Review. Mwezi uliofuata mbunge J.M. Kariuki akauawa. Ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mauaji hayo ilipopigiwa kura, waziri Masinde Muliro, mbunge wa huku kwetu, aliiunga mkono na akafutwa kazi. Wazee wa mtaa walikisimulia kisa hicho kwa fahari hata sisi ambao hatukukishuhudia tukakijua.

Kwa Ng'weno, ugomvi wa wanasiasa ulikuwa na baba na babu. Hakukuambia tu kwamba fulani na fulani hawasalimiani. Alikurudisha hadi enzi za chama cha KADU, akakuonyesha nani alimsaliti nani, katika uchaguzi gani, kwa kura ngapi. Alikuwa mwanahistoria aliyefanya kazi kwa makataa ya kila wiki. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kuliko hata ujasiri.

Maana ujasiri nao ulipungua. Gazeti lake la Nairobi Times liliuzwa kwa chama tawala, KANU, mwaka 1983 likageuzwa Kenya Times, na kadiri miaka hiyo ilivyosonga kalamu ya Weekly Review ililainika mbele ya serikali ya Rais Moi. Wengi walimlaumu, na lawama hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo majina, tarehe na hesabu za kura viliendelea kuandikwa, na baadaye alipotengeneza vipindi vya televisheni vya The Making of a Nation, taifa zima liliona faida ya mtu aliyekaa akiandika.

Jarida lilifungwa mwaka 1999. Ng'weno mwenyewe alifariki Julai 2021. Siku hizi habari inafika Tuwan kwa simu kabla chai haijapoa, na jioni hakuna anayeikumbuka. Muulize kijana wa bodaboda hapa stendi Muliro alifutwa kazi kwa nini. Barabara na shule zenye jina hilo anazijua.

Wala yale makatoni hayapo tena: mwalimu alitutoka mapema, na vitu vya chumba chake vilipohamishwa yakaenda kwa wauza njugu sokoni. Mwendo mfupi kutoka hapo, Makumbusho ya Kitale yametunza vipepeo waliokusanywa na Kanali Stoneham kwa miongo mingi. Hakuna aliyefikiria kwamba magazeti nayo yalistahili kabati.

Kisha Agosti 2003 Kijana Wamalwa, Makamu wa Rais na mbunge wetu wa Saboti, akafariki London. Kitale ililia. Magazeti yalichapisha picha kubwa kubwa, na nikatamani mtu atuandikie safari yake yote: alivyorithi uongozi wa chama cha Ford-Kenya baada ya Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1994, mvutano wake na Raila Odinga uliofuata, na alivyogombea urais mwaka 1997. Mambo hayo Weekly Review ilikuwa imeyafuata wiki kwa wiki, na mengi yake yalikuwa katika makatoni yale.